Ndururu za Mvumi

Dirisha namba nne, Benki Kuu, Dodoma.
Saa nne na robo, foleni imefika mlangoni,
na aliyesimama mbele yangu ni baba.

Hakuniita Nyemo. Alisema, "Mbukwa, karani,"
akaweka kaunta kopo la maziwa ya unga
lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.
"Nimekuja kubadilisha."

Nikamimina.
Mlio ule! Watu wakageuka.
Tumezoea hela zinazonong'ona.

Juu zilikuwa shilingi za mwenge,
na thumuni, sungura wake amefutika masikio.
Chini yake ndururu na peni, zenye tundu katikati,
ujira wa babu aliyeng'oa visiki Kongwa:
karanga hazikuota,
visiki vikaota tena,
kopo likabaki na haki yake.
Chini kabisa, zimegandana kwa kutu ya kijani,
hela za Mjerumani.
Baba wa babu aliuza fahali
apate rupia tatu za kodi ya kibanda;
hizi ndizo chenji.
Fahali mzima, na chenji yake inaenea kiganjani.

Mimi naijua nchi hii kwa pua.
Chumba cha nyuma, kabla mashine haijasaga noti chakavu,
hupita mikononi mwangu:
hii imelala na samaki wa Mtera,
hii imebanwa kifuani kwa mama muuza zabibu Hombolo,
hii ina petroli, hii ina damu ya mbuzi,
hii imefuliwa mfukoni mwa suruali ya shule
na mtoto, bila shaka, amechapwa.
Lakini kopo la baba halikunuka kitu.
Chuma kikikaa kimya miaka mingi
husahau mikono yote.

"Baba," nikasema, na sauti ikanitoka ya ofisini,
"muda wake umepita. Waraka ulibandikwa."

"Ulibandikwa Mvumi?"

Nyuma yake mtu akakohoa, akatazama saa.

"Ng'ombe akizeeka tunamla," akasema.
"Noti ikizeeka?"
"Tunaisaga, baba."
"Na ya chuma?"

Nikashika kalamu. Nikaiweka.
Nilikuwa nawaza kitu kisicho na fomu:
kwamba serikali iliyopiga hizi za kijani imezikwa,
na bendera yake, na bwana kodi na kofia yake,
lakini neno hela liko soko la Majengo asubuhi hii
linauliza bei ya nyanya.
Na ndururu, ambayo sheria haiitambui,
bado ndiyo kipimo cha ufukara:
hakuna anayeapa kwamba hana hata noti.

Nikachomoa elfu kumi kwenye pochi yangu,
nikaisukuma chini ya kioo.
Akairudisha kwa kidole kimoja.
"Sikuja kwa mwanangu. Nimekuja benki."

Akazirudisha koponi moja moja,
kwa mpangilio wake, za kijani kwanza.
Foleni ikangoja. Hata mlinzi alingoja.

Desemba nilikwenda nyumbani.
Tembe la babu limeangushwa, bati jipya linaumiza macho,
na baba juu ya ngazi, misumari mdomoni.
Chini ya kila kichwa cha msumari, ndururu.
"Walizitoboa wenyewe," akasema kupitia misumari,
"wakanipunguzia kazi."

Usiku mvua ikaja, ile ya kwanza, ya ghadhabu,
inayotupiga mawe kwanza ndipo inatupa maji.
Nikalala chali nikihesabu; ndiyo kazi ninayoijua.
Misumari mia na kitu. Zote zimeshika.
Isipokuwa mmoja,
juu ya mto wangu, tone, halafu tone.

"Baba, hapa panavuja."

Kimya. Kisha sauti yake, upande wa pili wa giza:
"Hapo ndururu ziliniishia.
Niliweka washa ya dukani."